Paka na Ndege Wanaotaga Uani: Njia Tano kwa Nyumba za Tabora, Zikipimwa kwa Mizani Moja

Mvua za kwanza zikishatua Tabora, Novemba hivi, uani hapakaliki kimya. Kwera wanarudi kwenye mwembe na kuanza kusuka, wakichana majani ya mahindi vipande vyembamba kama uzi. Tetere wanaokota vijiti. Shorwe wanaingia na kutoka kwenye wigo wakiwa na nyasi mdomoni. Na paka naye yupo, amejilaza kizingitini, macho nusu yamefumba, mkia ukicheza ncha.

Desemba moja shorwe walijenga ndani ya wigo wangu wa minyaa, kimo cha kifua. Nilikuwa nachungulia kila asubuhi nikienda kuchota maji. Mayai matatu, kisha makinda watatu wekundu wasio na manyoya, kisha midomo mitatu iliyofunguka kila nilipotikisa jani. Siku waliyoshuka chini, kabla hawajajua kuruka vizuri, paka wangu aliwamaliza wote kabla sijamaliza kufagia uwanja. Wazazi walilia juu ya wigo mpaka adhuhuri. Iliniuma sana, kwa sababu paka yule nilimleta mimi. Tangu hapo nimekuwa nikijaribu njia moja baada ya nyingine, na nimeuliza wenye paka wengi wa hapa mjini. Haya ni kwa ajili ya aliyekwama pale nilipokuwa mimi: anampenda paka wake, au anamhitaji, na hataki ndege waihame nyumba yake.

Ukilalamika, watu hukupa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: mfukuze paka. Lakini nyumba nyingi za hapa huweka mahindi, karanga na mpunga ndani, na paka akiondoka wiki mbili tu, magunia yanatoboka. La pili: waache, ndivyo walivyoumbwa. Hilo lina ukweli nusu. Paka wa kufugwa ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na paka pori huyo bado anaishi kwenye miombo yetu, kwa hiyo ndege wa huku wamemzoea tangu zama. Ila paka pori hutembea peke yake kwenye eneo kubwa, na mawindo yakipungua naye hupungua. Mtaani kwetu paka watatu wanaweza kuishi katika nyumba nne zilizoshikana, wote wanapewa chakula, na ndege wakipungua wao hawapungui hata mmoja. Marekani, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4.0 kwa mwaka nchini humo, sehemu kubwa wakiuawa na paka wasio na mwenyewe.

Usijipime kwa kile unachokiona mlangoni. Huko Georgia, Marekani, watafiti waliwafunga paka 55 kamera ndogo shingoni, na wale waliowinda walileta nyumbani chini ya robo tu ya walichokikamata. Mawindo mengine yaliliwa hukohuko au yaliachwa vichakani. Ukiona manyoya mara moja kwa mwezi, usidhani ndege ni mmoja.

Maswali ya kuulizia kila njia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Kwanza, kwa ndege: inawaokoa kweli, na inawaokoa ndege wa aina gani? Pili, kwa panya: paka ataendelea na kazi yake? Tatu, gharama na kazi: pesa, muda, na je, inawezekana kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja? Nne, kwa paka mwenyewe: ina madhara au faida gani kwake? Mwisho nimesema inamfaa nani.

Lakini jua kwanza nani anataga kwako

Hili watu hulipita haraka, nami naona ndilo linaloamua mengine yote. Viota havifanani, na paka hafiki kila mahali.

Kwera, yule ndege wa manjano ambaye wengine humwita mnana, hutundika kiota kwenye ncha ya tawi jembamba. Paka mzima hawezi kukifikia, tawi litamtupa. Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayenyonya maua, naye hutundika kiota chake. Hawa hatari yao iko chini: kwera anaposhuka kuokota chenga za mahindi jikoni, au wakati kinda limeanguka.

Shorwe ni habari nyingine. Ni ndege wa kahawia, kichwa cheusi, na manjano kidogo chini ya mkia. Hujenga kikombe kidogo ndani ya kichaka au wigo, mara nyingi mahali ambapo mtu angeweza kuingiza mkono. Tetere hujenga jukwaa la vijiti vichache tu, ukitazama kwa chini unaliona yai. Hutaga mayai mawili, na hafuati msimu kama wenzake. Ukimpa maji na punje anaweza kutaga hata kiangazi. Hawa wawili ndio paka anaowapata zaidi.

Hesabu ya siku ni fupi kuliko watu wanavyofikiri. Shorwe na tetere huatamia kama wiki mbili, na makinda hukaa kiotani kama wiki mbili nyingine. Kisha zinakuja siku tatu, nne, tano ambazo kinda ameshatoka kiotani lakini mabawa hayajakomaa. Anakaa chini au kwenye tawi la chini, anaita, wazazi wanamletea chakula. Siku hizo chache ndizo zinazoua. Kwa hiyo si lazima upambane na paka mwaka mzima. Ukimdhibiti vizuri siku hizo, umeokoa kiota kizima.

Na tuwe wa haki kwa paka: nyoka hula mayai, kunguru na mwewe hubeba makinda, na watoto wenye manati hufanya yao. Paka ni mmoja wa maadui, ila ndiye pekee tunayemlisha sisi wenyewe.

Njia ya kwanza: kumlaza paka ndani

Hapa simaanishi kumfungia maisha. Namaanisha anaingia kabla ya magharibi, saa kumi na mbili jioni, na anatoka saa tatu asubuhi jua likishapanda.

Kwa ndege. Paka huwinda zaidi alfajiri na machweo, na huo ndio wakati ndege wako chini wakitafuta chakula, wengine bado wazito kwa baridi ya asubuhi. Ukiziba saa hizo umeziba mlango mkubwa. Mlango mdogo unabaki: mchana paka yuko nje, na kinda aliyeshuka saa tano atakutana naye. Katika zile siku za hatari unahitaji kumzuia mchana pia.

Kwa panya. Hapa ndipo njia hii iliponishangaza. Panya hutembea usiku, na wanaotutesa wako ndani, darini na kwenye magunia. Paka anayezurura nje usiku anawinda kwa jirani na vichakani, huku kwako panya wanakula. Nilipoanza kumlaza wangu kwenye chumba cha magunia, panya walipungua kuliko alipokuwa huru. Wenye paka niliowauliza hawakukubaliana wote, hasa wale ambao chumba chao cha nafaka kimejaa hadi dari kiasi kwamba paka hapati pa kupita. Acha njia pembeni mwa ukuta, panya hupenda kupita hapo.

Gharama na kazi. Beseni la mchanga, maji, na nidhamu. Mchanga wa Tabora haununuliwi. Kazi ni kubadilisha ule mchanga kila siku, maana ukiuacha, chumba kitanuka na paka ataanza kutumia pembe nyingine. Mjamzito asiishike kazi hiyo. Ampe mwingine, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya hatari kwa mtoto tumboni. Kugumu zaidi ni kumwita aingie. Mpe chakula chake kikuu saa kumi na mbili jioni, ndani, na si wakati mwingine. Baada ya wiki mbili atakuwa mlangoni kabla yako. Paka mzee aliyezoea kuzurura atalia usiku wa kwanza, wa pili, labda wiki nzima. Mtoto wa paka huzoea upesi zaidi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa paka mwenyewe. Anaepuka magari, mbwa wa usiku, na mapigano ya madume ambayo huacha majipu. Anaepuka pia panya aliyekula sumu kwa jirani, jambo linaloua paka wengi na bundi pia. Ila chumba kiwe na dirisha la wavu. Oktoba ya Tabora ni ya joto kali, na chumba cha bati kisicho na hewa ni mateso.

Inamfaa nani. Mwenye chumba au stoo yake. Anayepanga chumba kimoja na watoto wanne atapata shida, na sitamlaumu akisema haiwezekani.

Njia ya pili: kola ya shingoni, ya njuga au ya kitambaa cha rangi

Sote tunaijua hadithi ya panya waliojadili nani atamfunga paka kengele. Kumfunga si kazi. Swali ni kama kengele inasaidia.

Kwa ndege. Majibu ya utafiti yanagongana. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta paka wenye kengele walileta ndege pungufu kwa asilimia 41. Mwingine wa kusini magharibi mwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha paka 355 katika nyumba 219, haukuona tofauti yoyote kwa kengele. Lakini huo wa pili ulipima pia kitambaa chenye rangi kali kinachozungushwa shingoni kama kola ya pambo, na hapo ndege walioletwa nyumbani walipungua kwa asilimia 42. Sababu ni rahisi: ndege wanaona rangi vizuri sana, na paka anayenyemelea akiwa na mkufu wa njano na nyekundu hana pa kujificha. Kwa kinda asiyeweza kuruka, hata hivyo, si njuga wala rangi vinavyosaidia. Anamwona paka anakuja, na hana pa kwenda.

Kwa panya. Kitambaa hakipunguzi kazi ya panya, kwa sababu panya hawaoni rangi kama ndege. Njuga zinaweza kupunguza. Ule utafiti wa mwaka 2005 ulikuta wanyama wadogo kama panya nao wamepungua kwa asilimia 34. Kama paka wako ameajiriwa kwa ajili ya magunia, chagua kitambaa, acha njuga.

Gharama na kazi. Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Mabaki ya kitenge chenye rangi kali yako kwa kila fundi cherehani. Kata mkanda wa upana wa vidole viwili hadi vitatu, ushonee lastiki.

Kwa paka mwenyewe. Hapa kuwa mwangalifu. Kola isiyoachia inaweza kumnyonga paka akinasa kwenye waya wa uzio au tawi. Lazima iwe na lastiki inayovutika hadi kichwa kitoke, au kifungo kinachofunguka chenyewe kikivutwa. Usimfunge kamba ya katani wala waya. Vidole viwili vipite kati ya shingo na kola. Paka wengine huivua siku ya kwanza na kuipoteza. Shona tatu kwa mkupuo.

Inamfaa nani. Mpangaji, mwenye paka asiyekubali kufungiwa, na nyumba ambayo ndege wake ni wale wa kuokota chini: tetere, shomoro, kwera wazima. Haitoshi kwa mwenye kiota cha shorwe wigoni.

Njia ya tatu: kukinga mti na wigo

Njia hii inamwacha paka alivyo na inabadilisha uwanja. Naipenda kwa sababu inafanya kazi hata kwa paka wa jirani, ambaye hakuna kola wala mlango wako unaomhusu.

Kwa ndege. Wengi mmeona maghala ya kijijini yaliyosimama juu ya nguzo, kila nguzo imevikwa bati ili panya asipande. Mti nao unavikwa vilevile. Kunjua debe la mafuta, au tumia bati bapa, upana wa kama sentimita 60, ulizungushe shina kwa kimo ambacho ukingo wa chini uko juu ya kifua cha mtu mzima. Paka anaruka juu vizuri, kwa hiyo bati la kimo cha goti ni kazi bure. Lisiwe na mikunjo ya kushika kucha. Usilipigilie misumari; lifunge kwa waya, na kila mwaka ulegeze kidogo, shina linanenepa.

Tatizo la Tabora ni miembe yetu mikubwa. Ile ya zamani ina matawi yaliyolala juu ya paa, juu ya ukuta, mpaka kwa jirani, na paka hana haja ya kugusa shina. Bati linafaa kwa mti uliosimama peke yake, ambao hauna kitu cha kupandia karibu yake umbali wa mita mbili au zaidi: mpapai, mpera mdogo, mwembe mchanga. Kama unataka kupunguza matawi yanayogusa paa, fanya hivyo Julai hadi Septemba, usingoje Desemba ukakata na viota.

Kwa wigo, dawa ni miiba. Michongoma iliyoshikana, au bogenvilia iliyoachwa ikue nene, ni nyumba salama kuliko minyaa, maana minyaa haina miiba na paka anapenya chini yake bila kujikuna. Huna haja ya kung'oa minyaa yako. Kata matawi ya miiba uyasukume chini ya sehemu yenye kiota, kwa mduara wa hatua mbili hivi, yakae mpaka makinda waondoke. Usikate minyaa yenyewe bila kujikinga: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Na ukishaweka miiba, usikisogelee kiota kila saa.

Maji nayo yana mahali pake. Kiangazi, ndege wa mtaa mzima watakuja kwenye beseni lako. Liweke kwenye uwazi, mbali na kichaka kama mita mbili au tatu, ili wamwone paka akija. Beseni lililowekwa chini ya maua, hata kama linapendeza, ni mtego. Hivyohivyo kwa pumba na chenga: zimwage mahali palipofagiliwa.

Kwa panya. Haigusi chochote. Paka anaendelea kama kawaida.

Gharama na kazi. Pesa kidogo, jasho la siku moja au mbili, kisha ukaguzi mara moja kwa mwaka. Miiba huhitaji kurudiwa kila msimu. Kama una watoto wanaocheza peku uani, fikiria mara mbili kabla ya kutawanya miiba. Ukingo wa bati nao uukunje ndani usimkate mtu.

Kwa paka mwenyewe. Hakuna madhara.

Inamfaa nani. Mwenye ua wake, mwenye kiota kinachojulikana kilipo, na mwenye majirani wa paka wengi. Mpangaji aombe ruhusa kwanza ya kuvika mti bati; miiba michache chini ya wigo sidhani kama kuna atakayeikataa.

Njia ya nne: mlo bora na mchezo

Kwa ndege. Wengi huamini paka mwenye njaa ndiye mwindaji mzuri, na aliyeshiba analala. Paka aliyeshiba huwinda pia. Kuwinda na kula kwake ni mambo mawili. Ila ubora wa chakula una maana. Katika ule utafiti wa mwaka 2021, paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walileta mawindo pungufu kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kila siku, kwa manyoya yaliyofungwa kwenye kijiti na kisha kitu cha kung'ata kama panya wa kitambaa, walipungua kwa asilimia 25.

Paka ni mla nyama kamili. Ugali mtupu na mchuzi humwacha na upungufu, naye huutafuta nje. Hapa Tabora tuna bahati ya reli: dagaa wa Kigoma hutufikia. Wachemshe, na kama ni wa chumvi waloweke kwanza na kumwaga maji. Changanya na ugali kidogo kama huna budi, lakini dagaa wawe wengi kuliko ugali. Vichwa vya migebuka na utumbo wa kuku uliopikwa vinafaa pia. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vikali.

Kwa panya. Tarajia kupungua kidogo, kwa kuwa hamu ya kuwinda inapungua kwa jumla. Kwa mwenye stoo kubwa hili ni jambo la kupima.

Gharama na kazi. Dagaa wana bei, na ni gharama ya kila siku. Mchezo ni bure, na watoto wataufanya bila kuombwa.

Kwa paka mwenyewe. Ni njia inayomfaidi kuliko zote. Manyoya yanang'aa, anakaa nyumbani zaidi.

Inamfaa nani. Mwenye paka mmoja wa mapenzi ya nyumbani, na mwenye watoto. Peke yake ni dhaifu kwa kiota cha chini. Ikiambatana na njia ya kwanza ina nguvu, kwa sababu chakula kizuri cha jioni ndicho kinachomrudisha paka ndani.

Njia ya tano: kumhasi dume, kumfunga kizazi jike

Nitapita haraka. Kwa ndege wa msimu huu haifanyi lolote, kwa maana paka aliyehasiwa bado anawinda. Faida yake ni ya miaka ijayo. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza miezi sita, hubeba kama wiki tisa, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Watoto wasio na wa kuwachukua huishia sokoni na majalalani, na hao hawana mtu wa kuwavisha kola. Kwa panya hakuna hasara. Dume hupunguza kuzurura na kupigana. Gharama ndiyo kikwazo: kumfunga jike kizazi ni upasuaji wa tumbo, unahitaji daktari wa mifugo aliyesomea na dawa ya usingizi, si kila afisa mifugo wa kata ana vifaa. Uliza kabla hujambeba paka kwenye kikapu, na ukifika omba pia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye hukipata na kukiambukiza. Inamfaa kila mwenye jike ambaye hana pa kuwapeleka watoto wake.

Chagua kwa hali yako

Kama una stoo ya nafaka na panya ndio sababu ya paka kuwepo, anza na kumlaza ndani, humohumo stoo, na umvike kitambaa cha rangi kwa saa za mchana. Sioni sababu ya njuga kwako.

Kama unapanga, ua ni wa wote, na paka ni wa wote pia: kitambaa cha rangi, dagaa wa jioni, na beseni la maji lihamishiwe kwenye uwazi. Zungumza na wapangaji wenzako mpaka muelewane nani anamlisha, maana paka anayelishwa na watano hana wa kumwita jioni.

Kama mwembe wako umejaa kwera tu na wigo hauna kiota, usijisumbue na bati. Fagia chenga chini ya mti, na mtazame paka upepo mkali ukivuma, kwa sababu hapo ndipo viota huanguka.

Kama paka anayekusumbua ni wa jirani, miiba na bati. Nenda pia ukaongee, ukiwa na kitambaa cha kitenge mkononi kilichoshonwa tayari. Watu wengi hupokea kitu walicholetewa kuliko lawama. Kuwekea paka wa mtu sumu ni ukatili, na sumu hiyohiyo inaweza kumfikia kuku wako au mtoto.

Kama una jike na kila mwaka unahangaika kugawa watoto, weka akiba ya upasuaji kwanza, mengine yafuate.

Na kama umesoma mpaka hapa kwa sababu asubuhi ya leo kuna kinda chini ya wigo na paka wako amemtazama: mchukue paka sasa hivi, umfungie ndani, maji na mchanga vikiwepo. Mtazame kinda. Kama hana manyoya, mrudishe kiotani kwa mkono; si kweli kwamba mama atamkataa kwa harufu yako. Kama ana manyoya na anarukaruka, hajapotea, muweke kwenye tawi la ndani la wigo, kimo cha kichwa, kisha uondoke ukae mbali, wazazi wako karibu wanakusubiri upishe. Kama paka alishamng'ata, hata tundu dogo, meno ya paka yana bakteria wanaoweza kuua ndege ndani ya siku moja au mbili ijapokuwa anaonekana mzima. Mpigie daktari wa mifugo kama yuko karibu, la sivyo muweke kwenye boksi lenye giza na utulivu. Wengine waliobaki kiotani bado wana nafasi. Mlango wa paka usifunguliwe mpaka uwaone wanaruka kutoka wigoni hadi mwembeni bila kugusa chini, siku nne au tano hivi.